Koti la Kumwendea Mwana

Angwenyi alishuka kwenye basi la Kisumu siku ya soko, mwishoni mwa mwaka ule Uganda ilipowafukuza vibarua wa Kenya, akasimama katikati ya mji wa Kisii na gunia lake begani, akiutafuta mji aliouacha. Aliuacha una safu moja ya maduka ya Wahindi na bendera ya Mwingereza juu ya kilima. Bendera ilikuwa imebadilika. Wahindi wengi walikuwa wameondoka. Na pale alipopajua pana soko la ndizi la akina mama, palikuwa na jumba la ghorofa tatu, rangi ya maziwa, vioo kutoka pembe hii hadi pembe ile.

Watu waliliita Ghorofa tu, kana kwamba duniani hakuna nyingine. Wale akina mama walisukumwa hadi Daraja Mbili, pembeni mwa mji, asubuhi moja na watu wenye rungu, mikungu yao ikakanyagwa matopeni, na waliokuwepo hawajasahau, hata kama gazeti halikuandika. Jumba lilipokwisha, mwenyewe alikuja kutoka Nairobi kwa gari jeusi, akakata utepe, akahutubia kwamba haya ndiyo matunda ya Uhuru. Watu wakapiga makofi. Kisha akapanda gari na matunda yake akaenda zake, na tangu siku hiyo kila mwezi hutuma mtu wa kukusanya kodi.

Angwenyi hakuyajua hayo. Alichojua ni kwamba Ombati, mtu wa kwao waliyekata miwa pamoja kule Jinja, alimwambia: "Mwanao Manasseh sasa ni mfanyabiashara. Ana duka la masufuria ndani ya jumba jipya. Ukifika, huwezi kulikosa."

Na alichotaka hakikuwa kikubwa. Alitaka Manasseh amtazame usoni, amwite tata kama mtoto anavyomwita baba yake, kisha ampeleke nyumbani Nyamira amwonyeshe pahali pa kusimamisha nyumba. Basi. Alimwacha akiwa mtoto wa kuchunga ndama. Mke wake Bosibori aliugua akafa akazikwa na majirani, na habari zilipomfikia kule kwenye miwa, nyasi zilikwisha kuota kaburini. Mtu anayerudi namna hiyo hawezi kudai kitu. Anaomba. Na kuomba ukiwa na shati lililogandamana kwa utomvu wa miwa na suruali iliyofungwa kwa kamba, hata mbwa atakubwekea. Kwa hiyo aliamua: kwanza koti na suruali, halafu mwana.

Mlangoni alisimamishwa na bawabu, kijana mrefu wa kutoka ziwani, jina lake Ouma.

"Wewe mzee, gunia haliingii. Linabaki na mimi hapa."

"Ukiliiba?"

"Niibe nini, miwa?" Ouma alilipima kwa mguu, akagusa chuma, akacheka. "Umetoka wapi na panga hili?"

"Jinja."

Kicheko kikakatika. "Kumbe na wewe. Ndugu yangu wamemrudisha juzi. Amefika na redio kubwa, haina betri, haina hata kelele. Anaiweka kifuani anakaa nayo hivyo hivyo." Akaliegemeza gunia ukutani vizuri, kama mtu anayemketisha mgeni. "Ingia, mzee wangu. Tembea. Kutazama hakuna kodi bado."

Angwenyi akaingia. Ndani palikuwa na ujia mrefu uliosakafiwa ukang'aa, maduka kulia na kushoto, taa zinawaka mchana kweupe. Redio ziliimba kila moja wimbo wake. Kulikuwa na baiskeli zimeninginizwa kwa magurudumu kama mbuzi waliochinjwa, magodoro yamepangwa hadi darini, mpiga picha aliyetundika nyuso za watu ambao Angwenyi hakuwajua. Watu walimpita wakiongea Ekegusii, lugha aliyokuwa ameiota usiku kwa miaka, na hakuna aliyemsemesha hata neno. Akampisha mzee mmoja mchafu aliyekuwa anamjia mbele, mzee naye akampisha, upande ule ule. Ndipo akatambua kwamba ni kioo. Akakipita akiwa ameinamisha kichwa.

Duka la masufuria lilikuwa katikati ya ujia. Aliliona kwa mng'aro kabla hajalifikia. Ndani, mtu mwenye mabega mapana alikuwa ameinama akipanga vifuniko, mgongo wake tu ndio ulioonekana. Angwenyi akajisemea: Yule pale. Amekuwa na mgongo mkubwa namna hiyo. Akageuza uso upesi, akapita kwa hatua za haraka kama mwizi, asije akaonwa na mwanawe kabla hajavaa. Na hakumuuliza mtu yeyote, maana alizijua habari za watu wa kwao: zinapiga mbio kumpita mwenye habari.

Angeuliza, angeambiwa kwamba duka la masufuria si la Manasseh tena. Mwenye jumba alikuwa na shemeji aliyetaka kufanya biashara, na shemeji hutakiwa kukaa katikati, pahali wateja wanapopita. Manasseh akaambiwa ahamie chumba cha mwisho kabisa, karibu na ngazi, na kodi ikabaki ile ile. Akauza masufuria kwa hasara akaanza kuuza nguo. Akashindwa kulipia nyumba ya kulala huko mtaani. Ndivyo Uhuru ulivyomfikia Manasseh.

Duka la nguo lilikuwa ndilo la mwisho. Makoti yalining'inia mlangoni, na msichana mwenye kitambaa cha njano kichwani alikuwa akipiga pasi.

"Karibu baba, karibu! Karibu koti!" alisema kwa Kiswahili, kama walivyofanya wenye maduka wote wa Ghorofa, kwa kuwa mteja angeweza kuwa mtu wa popote.

Angwenyi naye akajibu kwa Kiswahili, chake cha Uganda, kizito. Akafanya makusudi. Waabagusii wawili wakikutana, bei ya kitu huja mwisho. Kwanza utaulizwa wewe ni wa nani, wa kilima gani, mama yako alitoka ukoo upi, na kabla hujamaliza mwenzako amekwisha kukupata: kumbe wewe ni mjomba, kumbe wewe ni mkwe. Kiswahili cha dukani hakiulizi hayo. Kinauliza unataka nini. Angwenyi, aliyekuwa anajificha, aliona hiyo ni neema.

"Nataka koti. Na suruali. Isiwe ya kijana."

"Sasa wewe ni kijana au si kijana?" Msichana alicheka, akamtazama toka juu hadi chini bila dharau. "Unakwenda wapi? Kanisani? Kortini? Niambie nijue nikupe la namna gani."

"Nakwenda kumwona mtu."

"Ehe! Mwanamke."

"Hapana."

"Basi mtu wa maana. Mtu wa maana huvaliwa rangi ya majivu." Akashusha koti moja kwa mti wenye ndoano. "Hili si kafa Ulaya, hili ni jipya. Shika mwenyewe. Lete mkono!" Akaushika mkono wake wenye sugu, akauingiza ndani ya koti aisikie bitana ya hariri. "Umesikia?"

Angwenyi alisikia. Ulikuwa mkono wa kwanza kumgusa tangu mpakani, ambako askari walimpekua.

"Suruali lazima uijaribu," msichana akasema. "Pita hapo nyuma ya pazia, kuna kioo. Usijali vurugu, na hicho kitanda kaa tu uvue viatu, wateja wote hukaa. Hakina kunguni!"

Akapita nyuma ya pazia. Palikuwa pembamba kama kizimba: kitanda cha futi nne, jiko la mafuta ya taa, ndoo, gauni la kike kwenye msumari. Akakaa kitandani. Godoro lilizama. Akavua viatu, akaifungua kamba ya suruali, akaiteremsha, akavaa ile mpya mguu mmoja. Ndipo alipoinua macho atafute kioo, akaiona picha juu ya kitanda, ndani ya fremu, bibi arusi na bwana arusi mbele ya kanisa.

Bibi arusi alikuwa huyu huyu wa kitambaa cha njano. Bwana arusi alikuwa na uso wa Bosibori. Paji lile pana, macho yale yaliyokaa mbalimbali, mdomo ule uliokuwa daima kama unataka kuuliza jambo. Uso wa mke wake, umewekwa juu ya shingo ya mwanamume.

Angwenyi hakuinuka papo hapo. Alikaa juu ya kitanda cha ndoa cha mwanawe, suruali mguu mmoja.

Mgeni wa huko mbali atasema: kitanda ni kitanda. Kwa Waabagusii, mwana akishaoa, baba yake haingii tena katika nyumba yake. Hata mvua inyeshe, atasimama uani aite. Mke wa mwanawe hamshiki mkono, hamtanii, hamtazami sana usoni. Wanaliita ensoni, na ingawa neno hilo lina aibu ndani yake, ndiyo heshima kubwa waliyo nayo: kwamba kuna mlango mmoja duniani ambao baba, mwenye nguvu zote, hawezi kuupita, na nyuma yake mwana ni mtu mzima. Angwenyi alikuwa ameupita. Alikuwa ameshikwa mkono na mke wa mwanawe akataniwa habari za mwanamke. Alikuwa amevua nguo.

"Baba! Inatosha?" sauti ya nje ya pazia. "Au umelala?"

Akajivuta akavaa mguu wa pili. Akatia koti na viatu. Na hapo, kwenye ukimya wa kile kizimba, akaona yote kwa mara moja, kama mtu anavyoona bonde umeme ukimulika. Hakuna aliyejua ila yeye. Angeweza kulipa na kwenda. Lakini akienda, hangeweza kurudi. Siku yoyote atakayosimama mbele ya Manasseh aseme mimi ni baba yako, huyu msichana atakuwepo, naye atamkumbuka mzee wa koti la majivu, na atajua alichokalia. Kwa hiyo ama aseme leo, ama asiwe baba wa mtu maisha yake yote.

Akatoka. Msichana akapiga makofi.

"Tazama! Tazama mtu!" Akamjia anyooshe kola. Angwenyi akaruka nyuma, akaangusha safu ya mashati.

"Usiniguse, mama."

"Haya, haya. Sikukuumiza." Alicheka, ila safari hii kidogo.

Ndipo mwenye uso wa Bosibori alipoingia mlangoni na furushi la nguo kichwani. Alilishusha, akajifuta jasho, akamkagua mteja kwa jicho la biashara.

"Nyanchera, huyu umemvalisha sawasawa. Mzee, sasa unaweza kwenda kuposa. Mwambie baba wa msichana koti umelitoa kwa Manasseh."

Sauti hiyo Angwenyi hakuijua. Aliiacha nyembamba, inaita ndama. Akatoa pesa, akaziweka mezani bila kusubiri chenji, akatoka, akaufuata ule ujia, akapita baiskeli, magodoro, masufuria ya shemeji ya mtu, hadi nje kwenye jua. Ouma akamnyooshea gunia.

"Umekuwa mheshimiwa! Mbona haraka hivyo?"

Angwenyi alilitupa gunia begani, akazunguka jengo kwa nje hadi upande wa ngazi, ambako duka la mwisho lilikuwa na dirisha linalotazama uani. Akasimama hatua kumi mbali na ukuta, kama baba anavyosimama, akaita kwa Ekegusii, kwa sauti iliyopasuka:

"Manasseh! Manasseh wa Bosibori! Toka nje nikuone!"

Dirishani alitokea Nyanchera kwanza. Alimwona mteja wake, akasikia lugha aliyokuwa anaitumia, akasikia jina la mama mkwe aliyekufa. Hakupiga kelele. Aliziba mdomo kwa kile kitambaa cha njano, akatoweka.

Manasseh alikuja akikimbia, kisha akaacha kukimbia, kisha akasimama.

"Mimi ni Angwenyi," mzee alisema.

"Naona," alisema Manasseh, ingawa alikuwa hajaona bado. Akalitazama koti, kisha uso. "Sasa. Uliingia humo ndani ukiwa unajua?"

"Nilikuwa natafuta nguo za kukujia. Niliambiwa unauza masufuria."

Manasseh akatoa kicheko kifupi kilichofanana na kikohozi. "Waliniondoa."

"Sikujua."

"Basi kama hukujua, yamekwisha. Hilo ni duka. Watu wa kila kabila hukalia hicho kitanda, hata Ouma hukaa akinywa chai. Ingia ndani. Nyanchera atapika."

"Siwezi."

"Ghorofa nzima umeitembea, sasa huwezi?"

"Wanaoingia ni wageni. Mimi nikiingia sasa, nikijua, nitakuwa mgeni kama wao."

"Na ulikuwa nani?" Manasseh alisogea, sauti yake ikashuka ikawa mbaya zaidi kuliko kelele. "Tata, mama aliugua mvua zote mbili. Nilimbeba mimi hadi misheni. Kaburi tulichimba mimi na jirani yetu Zachariah. Siku hizo mila ilikuwa wapi? Mila inasema baba asiingie kwa mwana. Inasema pia asitoroke kwake mwenyewe. Unachagua?"

Angwenyi angeweza kusema habari za kodi ya kichwa iliyomtoa nyumbani, na manyapara, na mwajiri aliyeshikilia mshahara wa kila mwaka ili mtu asiondoke. Na yote yangekuwa kweli, na wenye kufanya hayo wako mpaka leo, wananenepa. Lakini hayo si maneno ya kumwambia mtoto aliyechimba kaburi.

"Sichagui," alisema. "Hiyo ndiyo niliyobaki nayo. Mengine yote nimeyapoteza."

Kutoka dirishani walisikia mtu akilia kwa kujizuia, na kitu kizito kikiburutwa sakafuni. Nyanchera alikuwa anakitoa kitanda nyuma ya pazia.

"Nyumbani hakuna nyumba," Manasseh alisema hatimaye. "Ya mama ilianguka. Nilipanda chai hadi pale mlango ulipokuwa. Ndiyo inayolipa kodi ya hapa."

"Zachariah yuko hai?"

"Yuko."

"Nitalala kwake. Na wewe utanipa pahali?"

Manasseh alihesabu kwa vidole. "Nitang'oa mistari miwili," alisema. "Zaidi siwezi, tata."

Ile tata ilitoka kavu, kama kitu kilichokaa sana mfukoni. Lakini ilitoka.

Alitimiza. Jumapili mbili alikwenda Nyamira na shoka, wakang'oa miti ya chai pamoja bila maneno mengi, mizizi ikilia ardhini. Wakasimamisha nyumba ya udongo, ndogo, ya mtu mmoja, chai imeizunguka pande zote hadi ukiwa ndani unaona kijani tu. Magari ya kwenda kiwanda cha chai yalipita barabara ya juu na majani ya watu. Manasseh alikuja siku za Sabato, yaani Jumamosi, duka likiwa limefungwa, akaingia, akaketi, akanywa uji alioupika baba yake mwenyewe, na kupika mwenyewe kwa mwanamume wa rika lile mwenye mke wa mwana ni jambo la kuonewa huruma na majirani. Zachariah alimwonea waziwazi.

"Huyo mkwe wako ana miguu?" aliuliza.

"Anayo."

"Basi anaijua njia."

Angwenyi alikoroga uji wake. Mke wa mwana ndiye anayemletea baba mkwe chakula katika nyumba yake. Ndipo nyumba inapokuwa nyumba na mzee anapokuwa wa mtu. Na asipoletewa, awe na paa asiwe nalo, anakaa tu. Mvua za vuli zikapita. Kiangazi kikaja. Manasseh alisema Nyanchera hajambo. Alisema sasa wamekodi chumba Keumbu, mbali na duka, kwa taabu. Hakusema zaidi, na Angwenyi hakuuliza zaidi. Jioni alikaa kizingitini akisikiliza akina mama wakiitana kutoka mashambani, kila mmoja akiitwa na watu wake.

Mvua za masika zilipoanza, Sabato moja mchana, aliona kitambaa kikipita juu ya majani ya chai, mwili hauonekani, kitambaa tu, cheupe safari hii. Kikaja hadi mwisho wa mstari, mahali uwanja wake mdogo unapoanzia, kikasimama. Nyanchera alikuwa ameugeuza uso upande. Mikononi alikuwa na ekee, kile kikapu cha ugali kilichosukwa, na chungu kidogo kimefunikwa kwa jani la mgomba.

Angwenyi aliinuka, kisha akaona vibaya kuinuka, akaketi tena, akatazama miguu yake.

Nyanchera aliinama, akaviweka chini kwenye nyasi. Alisimama hapo kidogo. Mdomo wake ulisogea, labda alisalimu, labda alitaka. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na mtu anapasua kuni, neno lake halikusikika. Kisha akageuka akarudi kwa njia ile ile, mikono akipangua chai, bila haraka.

Mzee alingoja hadi majani yote yakatulia. Akaenda akachukua. Ugali ulikuwa wa wimbi, na mboga zilikuwa chinsaga, ule mgagani mchungu, zilizopikwa kwa maziwa kama zinavyostahili. Aliviingiza ndani, akafunga mlango, akala peke yake, polepole, hadi akaviona vyote viwili vitupu.